Baruti moja kwa risasi za bastola, bunduki ndefu na marisau: inawezekana?

Mjazaji Mpya aliuliza:

Wakuu, salaam. Nina vibali vyote vinavyohitajika, vya silaha na vya kujaza risasi kwa matumizi yangu mwenyewe ya kulenga shabaha, na nimeshapata mashine ya kushindilia, mizani na vifaa vya kurekebisha maganda yaliyokwisha kutumika. Ninakusudia kujaza risasi za aina tatu: .38 Special kwa bastola ya silinda, .308 Winchester kwa bunduki ndefu, na baadaye geji 12 kwa bunduki ya marisau.

Linalonitatiza ni baruti. Majina ni mengi, mengine ni namba tupu, na kila muuzaji anasifu yake. Ningependa kufahamu kama ipo baruti moja inayoweza kutumika katika risasi zote tatu, kwa kuwa sipendi kuweka makopo mengi nyumbani; na kama haipo, nichague kwa vigezo gani. Pia nimeona jedwali linalopanga baruti kuanzia ile inayoungua upesi zaidi hadi ile inayoungua polepole zaidi. Je, nikiikosa baruti iliyotajwa kwenye kitabu cha vipimo, ninaweza kuchukua ile iliyo jirani yake katika jedwali na kutumia kipimo kilekile?

Fundi Mizani alijibu:

Ndugu Mjazaji Mpya, karibu. Nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo la hatari: hapana, usifanye hivyo hata mara moja. Jedwali lile linaonyesha nani ametangulia nani, lakini halionyeshi wamepishana kwa umbali gani. Baruti ya nafasi ya 40 na ya 41 zinaweza kuwa karibu sawa, na ile ya 42 ikawa mbali nazo sana, wala jedwali lisikudokeze lolote. Zaidi ya hayo, mpangilio wenyewe hupatikana kwa kuichoma baruti ndani ya chombo kilichofungwa ambacho ukubwa wake haubadiliki, ilhali ndani ya bunduki nafasi hupanuka kadiri kichwa cha risasi kinavyosonga mbele. Ndiyo maana baruti mbili zinaweza kubadilishana nafasi zikihamishwa kutoka ganda moja kwenda jingine. Jedwali linafaa kukusaidia kujua uanze kutafuta wapi. Kipimo hutoka kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti au wa vichwa, kwa baruti iliyotajwa kwa jina lake kamili.

Sasa swali la kwanza. Kwa risasi zote tatu, jibu ni hapana, na sababu yake inafaa ieleweke vizuri, kwani ukishaielewa utaweza kuchagua baruti ya risasi nyingine yoyote utakayoijaza baadaye.

Baruti isiyo na moshi, yaani hii ya kisasa unayoiulizia, haikukusudiwa kulipuka; imekusudiwa kuungua, tena kuanzia juu ya punje kuelekea ndani. Ukiiwasha ikiwa wazi hewani hutoa mwali na kwisha. Ukiifungia ndani ya ganda, gesi yake yenyewe huongeza mgandamizo, na mgandamizo ukipanda, kasi ya kuungua nayo hupanda, jambo linalozidi kuongeza gesi. Kinachouzuia mzunguko huo usivuke mpaka ni kichwa cha risasi kuondoka na kuacha nafasi nyuma yake. Kwa hiyo kuchagua baruti ni kulinganisha mambo mawili: gesi inazalishwa upesi kiasi gani, na nafasi inafunguka upesi kiasi gani.

Tazama risasi zako mbili za kwanza. Kichwa cha greni 158 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) ni cha kawaida sana katika .38 Special, na katika .308 Winchester watu hutumia cha greni 150, 168 au 180. Uzito, kwa hiyo, unakaribiana, na mtu angeweza kudhani kuwa baruti nayo ingekaribiana. Lakini kichwa cha .38 kina kipenyo cha takriban milimita 9.07 na cha .308 ni milimita 7.82, maana yake ni kwamba eneo la kitako cha kile cha bastola, ambalo gesi hulisukuma, ni kubwa zaidi kwa karibu theluthi moja. Ganda la .308 nalo lina ujazo unaozidi mara mbili ya lile la .38. Kisha mgandamizo wa juu unaoruhusiwa na SAAMI, chombo cha Marekani kinachoweka viwango hivi tangu mwaka 1926, ni paundi 17,000 kwa inchi mraba kwa .38 Special na 62,000 kwa .308. Risasi ya bastola inahitaji gesi kidogo, ipatikane mapema, katika mtutu mfupi. Ya bunduki ndefu inahitaji gesi nyingi inayoendelea kuzalishwa wakati kichwa kimekwisha kusafiri sehemu ya mtutu, la sivyo yote ingejitokeza kabla kichwa hakijasogea, na silaha isingestahimili.

Ukikosea upande mmoja, yaani ukaweka baruti ya bastola katika ganda la .308 kwa kipimo cha baruti ya bunduki ndefu, chemba, yaani sehemu ya mtutu inamokaa risasi, itapasuka. Ukikosea upande wa pili, ukaweka baruti ya polepole katika .38, mgandamizo hautafika pale ambapo baruti hiyo huungua vizuri. Utaona punje ambazo hazikuungua zimejaa mtutuni, na kichwa kinaweza kukwama humo humo. Hilo la pili huonekana dogo kwa sababu halina kishindo, lakini anayefyatua tena bila kukagua mtutu hupasua bastola.

Watengenezaji huipunguza kasi ya baruti kwa njia kadhaa. Msingi wa zote ni nitroselulosi, ambayo Paul Vieille wa Ufaransa alifaulu kuigeuza kuwa ute na kisha kuikausha mwaka 1884, ndipo ikaacha kuungua ovyo na ikaweza kutumika katika bunduki. Baadhi huongezewa nitrogliserini ili ziwe na nguvu zaidi. Kisha hufuata ukubwa na umbo la punje: kibamba chembamba huungua na kwisha upesi, kijiti kirefu chenye tundu katikati huungua kwa nje na kwa ndani kwa pamoja, hivyo kadiri upande wa nje unavyopungua, wa ndani hupanuka, na gesi hutoka kwa kiwango kisichobadilika sana. Juu ya hayo hupakwa kemikali ya kuchelewesha mwako mwanzoni, na grafiti ili punje ziteleze na zisijikusanyie umeme tuli. Mtu akiwa na kopo mbili mkononi hawezi kuyatambua haya kwa macho. Punje zenye rangi na umbo moja zinaweza kuwa za baruti zinazotofautiana kabisa.

Kanuni za jumla ninazozifuata ni hizi. Ganda dogo na mtutu mpana huhitaji baruti ya upesi. Ganda kubwa na mtutu mwembamba huhitaji ya polepole. Na katika ganda lilelile, kichwa kizito huhitaji ya polepole kuliko chepesi, kwa kuwa kizito huchelewa kuondoka. Kwa .38 Special utakuta vitabuni majina kama Bullseye, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1898, Unique, na HP-38. Kwa .357 Magnum, risasi nyingine ya bastola yenye ganda refu kidogo na mgandamizo wa paundi 35,000, hushuka ngazi hadi baruti ziitwazo 2400 na H110. Kwa .308 kuna Varget, IMR 4064, H4895 na Vihtavuori N140, zote zikiwa katika eneo la katikati ya baruti za bunduki ndefu. Kwa .300 Winchester Magnum, risasi ya bunduki ndefu ambayo ganda lake ni kubwa zaidi ilhali kipenyo cha mtutu ni kilekile cha .308, utashuka tena hadi H4831 au H1000. Ukipanga hivi utaona kwamba si suala la chapa ipi ni bora.

Silinda Sita alijibu:

Fundi Mizani ameeleza sayansi yake, nami nakubaliana naye, ila katika .38 Special kasi ya kuungua peke yake si kigezo cha kutosha. Kitabu kitakupa baruti kumi au zaidi zinazofaa kwa kichwa kilekile, na zote zitakupeleka kwenye kasi inayokaribiana. Baada ya hapo unachagua kwa lipi?

Mimi huchagua kwa jinsi baruti inavyojaa gandani. .38 Special ilibuniwa mwaka 1898 kwa ajili ya baruti nyeusi ya kizamani, ambayo huhitaji nafasi kubwa, na ndiyo sababu ganda lake ni refu kupita mahitaji ya baruti ya kisasa. Baruti ya upesi na nzito kama Bullseye huchukua sehemu ndogo tu chini, na hapo ndipo ajali inapojificha: ukijaza ganda mara mbili kwa kusahau, halitafurika, na ukiangalia kwa haraka hutashtuka, lakini ukilifyatua umevunja bastola na pengine mkono. Baruti nyepesi yenye vibamba vikubwa hujaa zaidi kwa uzito uleule, na kipimo maradufu huonekana mara moja, au hata humwagika. Kwa mtu anayeanza ningependekeza hiyo hata kama ni ghali kidogo au ina masizi kidogo.

Wapo watakaopinga, na hoja yao ina uzito. Vibamba vikubwa havipimiki vizuri kwa kipimio cha ujazo kinachozungushwa kwa mkono. Vinakwama, vinapangana vibaya, na kipimo hupanda na kushuka. Punje za mviringo hutiririka kama maji na kila mzunguko hutoa uzito uleule. Lakini bastola ya silinda ya kulengea shabaha katika umbali mfupi haitaonyesha tofauti ya sehemu ya kumi ya greni karibu na katikati ya kipimo, ilhali kipimo maradufu hakisamehe. Kwa hiyo kati ya baruti inayopimika vizuri na baruti inayoonekana vizuri gandani, katika .38 mimi huchukua inayoonekana.

Kuna jambo jingine la nafasi tupu ndani ya ganda: baruti kidogo katika ganda kubwa hulala mbele au nyuma kutegemea bastola ilikuwa imeelekezwa wapi kabla ya kufyatua, na kasi ya kichwa hubadilika kwa sababu hiyo. Baruti nyingine hulijali hilo kuliko nyingine. Inayojaa vizuri hupunguza pia tatizo hili.

Vyovyote utakavyochagua, panga maganda yote kwenye kibao chenye matundu, yaangalie kwa tochi moja baada ya jingine kabla ya kuweka kichwa chochote, na mezani pawe na kopo moja tu la baruti kwa wakati mmoja.

Mjazaji Mpya aliandika tena:

Nawashukuru sana wakuu. Nimeshaacha wazo la jirani wa jedwalini. Nimepekua kitabu na nimeona kwamba Unique imetajwa kwa .38 Special na pia kwa geji 12. Je, ni sahihi kwamba ningeweza kuwa na makopo mawili badala ya matatu: moja la bastola na marisau, jingine la .308? Na kwa geji 12, ninaanza na kipimo cha chini na kupanda polepole kama kitabu kinavyosema kuhusu bunduki ndefu?

Mwana Marisau alijibu:

Makopo mawili yanatosha. Hilo halipaswi kushangaza, kwani bastola ya mgandamizo mdogo na bunduki ya marisau ni ndugu wa karibu katika suala hili: zote zina tundu pana kulinganisha na kiasi cha baruti, na zote hufanya kazi chini ya mgandamizo mdogo. Kwa geji 12 yenye ganda la inchi 2¾, mpaka wa SAAMI ni paundi 11,500 tu kwa inchi mraba. Unique imetumika pande zote mbili kwa zaidi ya miaka mia moja, na si hiyo peke yake.

Ila swali lako la pili linahitaji tahadhari, kwa sababu desturi ya bunduki ndefu haihamishiki huku. Katika marisau hatuanzi chini na kupanda. Tunachukua kanuni nzima kama ilivyochapishwa: ganda la aina fulani, fataki (kiwashio kilicho kwenye kitako cha ganda) ya aina fulani, kikombe cha plastiki kinachobeba marisau cha aina fulani, uzito fulani wa marisau na uzito fulani wa baruti. Vyote hivyo vilipimwa pamoja. Ukibadilisha fataki pekee, mgandamizo unaweza kupanda kwa maelfu ya paundi, na hapa nafasi iliyobaki kabla ya mpaka si kubwa. Ukibadilisha ganda, ujazo wa ndani umebadilika ingawa kwa nje yote mawili yana urefu mmoja. Ukipunguza baruti chini ya iliyoandikwa, mgandamizo unaweza kuwa mdogo kiasi kwamba baruti haiungui sawasawa, risasi inatoa sauti ya kufifia, na kikombe kinabaki mtutuni kikisubiri risasi inayofuata. Kwa hiyo kwanza tafuta kanuni inayotaja baruti uliyo nayo, kisha nunua vilivyobaki kwa kufuata kanuni hiyo, usifanye kinyume chake.

Mashine nyingi za kujazia marisau hupima baruti kwa kipande chenye tundu la ukubwa maalumu, na karatasi yake husema tundu hili ni greni kadhaa za baruti fulani. Usiiamini karatasi hiyo. Pima kwenye mizani, tena mashine ikiwa inafanya kazi kwa mtikisiko wake wa kawaida, kwani mtikisiko hushindilia baruti na uzito huongezeka.

Marisau ya chuma yana vipimo vyake vya pekee na baruti zake. Usitumie kanuni ya marisau ya madini ya risasi kwa yale ya chuma. Na kwa kuwa wasomaji wa mambo haya ni wengi, niseme na hili ingawa hukuliuliza: magobole na bunduki za zamani zilizotengenezwa kwa baruti nyeusi zitumie baruti nyeusi au mbadala wake ulioandikwa hivyo. Hakuna kipimo kidogo cha baruti isiyo na moshi kinachoweza kuhesabiwa kuwa salama humo.

Mlenga Mbali alijibu:

Kuhusu kopo la .308, ningeongeza suala la urefu wa mtutu. Kama bunduki yako ina mtutu mfupi, tafuta baruti ya upesi kuliko wanayotumia wenye mitutu mirefu, ili yote iungue kabla kichwa hakijatoka. Vinginevyo unatupa baruti hewani na kupata mwali mkubwa mdomoni.

Fundi Mizani alijibu:

Ndugu Mlenga Mbali, hoja hiyo husikika sana na ina mantiki yake, lakini kwa sehemu kubwa haithibitiki kwenye kipimakasi. Katika risasi kama .308, baruti iliyochaguliwa vizuri humaliza sehemu kubwa ya kuungua mapema ndani ya mtutu. Baada ya hapo ni gesi iliyokwisha kuzalishwa inayopanuka na kusukuma. Kwa hiyo baruti inayotoa kasi ya juu zaidi katika mtutu mrefu kwa kawaida ndiyo itakayotoa kasi ya juu zaidi katika mtutu mfupi pia, ingawa kasi yenyewe itakuwa imepungua. Uko sahihi kuhusu mwali, kwani gesi hutoka ikiwa bado na mgandamizo mkubwa, na kwa anayelenga jioni hilo linaweza kuwa sababu halali ya kuchagua baruti yenye kemikali ya kupunguza mwali. Kwa kulenga mchana, Mjazaji Mpya asihangaike nalo.

Mambo mawili ndiyo yatakayomgusa zaidi katika .308.

La kwanza ni joto. Vipimo vya vitabuni hupatikana katika vyumba vyenye joto la wastani. Risasi iliyoachwa juani, au iliyokaa ndani ya chemba iliyopata moto baada ya kufyatua mfululizo, hutoa mgandamizo mkubwa kuliko risasi ileile asubuhi kukiwa na baridi. Baadhi ya baruti huathirika sana, hasa nyingi kati ya zile zenye nitrogliserini na za mviringo, na nyingine zimetengenezwa makusudi ziathirike kidogo. Varget na H4895 ni za kundi hili la pili. Anayepanda hadi kipimo cha juu siku ya baridi kisha akaenda kulenga penye joto kali amejipa kipimo ambacho hakukipima. Kwa .308, hiki ndicho kigezo ninachokiweka mbele ya kasi.

La pili ni majina. H4350, IMR 4350 na Accurate 4350 zina namba moja na ni baruti tatu tofauti, kila moja na vipimo vyake. Vivyo hivyo H4895 na IMR 4895. Kinyume chake pia hutokea: H110 na Winchester 296 ni baruti moja yenye lebo mbili, na HP-38 na Winchester 231 vilevile. Hayo ya mwisho si ya kukisia. Mtengenezaji mwenyewe ndiye aliyeyasema. Soma herufi zilizo mbele ya namba kwa makini kama unavyoisoma namba yenyewe.

Ukishanunua, anza asilimia 10 chini ya kipimo cha juu cha kitabu, au pale kitabu kinapoonyesha mwanzo, kisha panda kwa hatua ndogo. Kuna baruti zisizofuata desturi hiyo. Mtengenezaji wa H110 anaonya kwamba isipunguzwe zaidi ya asilimia 3, kwa kuwa chini ya hapo huwaka kwa kusitasita. H4895 ni kinyume: mtengenezaji huyohuyo ameruhusu ipunguzwe hadi asilimia 60 ya kipimo cha juu kwa ajili ya risasi zenye mshindo mdogo. Ni sababu mojawapo inayonifanya niipende kwa .308, kwani mtu mmoja anaweza kujaza risasi kali na risasi laini za mwanafunzi kwa kopo hilohilo. Usichukue ruhusa hiyo ukaipeleka kwa baruti ya polepole kama H4831. Vipimo vidogo vya baruti za namna hiyo katika maganda makubwa vimehusishwa na migandamizo ya ghafla iliyopasua bunduki.

Watu hupenda kutazama fataki kama imebonyea ikawa bapa, au kama bolti inafunguka kwa shida. Dalili hizo katika .308 zinakuambia umekwisha kuvuka, si kwamba unakaribia. Katika .38 Special hazina maana yoyote, kwa kuwa mgandamizo unaoweza kuibonyeza fataki ni mkubwa mno kuliko ule uliokusudiwa kwa bastola hiyo. Kipimakasi ni shahidi bora: kama kichwa chako kinakwenda upesi kuliko kasi ya juu iliyoandikwa kitabuni kwa mtutu wa urefu kama wako, mgandamizo nao umezidi, hata kama ganda linaonekana zima. Hakuna kasi ya bure. Ukibadilisha toleo la kiwandani la baruti ileile, yaani kopo jipya lenye namba nyingine ya toleo, shuka kidogo na upime tena.

Mjazaji Mpya aliandika tena:

Sasa nimeelewa, na nimeamua: Unique kwa .38 na geji 12, nikitafuta kanuni ya marisau kwanza kabla ya kununua vikombe na fataki. Na H4895 kwa .308. Limebaki moja. Jamaa yangu aliyeacha mchezo huu amenipa chupa ya baruti iliyobaki kwake, anasema ana hakika ni Unique. Haina lebo, lakini inafanana kabisa na picha nilizoziona: vibamba vyeusi vya mviringo. Nianze na hiyo?

Silinda Sita alijibu:

Hapana. Vibamba vyeusi vya mviringo ni maelezo ya baruti nyingi, na baadhi yake ni za upesi zaidi kuliko Unique. Hakika ya jamaa yako haipimiki kwenye mizani.

Fundi Mizani alijibu:

Naunga mkono, na si kwa sababu ya jina peke yake. Huwezi kujua ilikaa wapi. Nitroselulosi hujioza yenyewe polepole, na watengenezaji huweka kemikali ya kuizuia isioze, ambayo nayo huisha baada ya miaka, na huisha mapema zaidi penye joto. Baruti iliyoharibika hutoa harufu kali ya asidi, pengine na vumbi la rangi ya kutu au moshi mwekundu unaoelekea kahawia ukifungua chupa, na ikihifadhiwa kwa wingi inaweza kupata joto na kuwaka yenyewe. Isiyo na dalili hizo bado haina jina, na hilo linatosha kuikataa.

Usiimwage kwenye mtaro wala chooni, na usiitupe na takataka ambazo mtu mwingine atazichoma bila kujua. Kama taratibu za unakoishi zina mahali pa kuikabidhi, ikabidhi. Kama zinaruhusu kuiteketeza mwenyewe, nenda uwanja wazi mbali na nyumba na majani makavu, imwage chini kwa tabaka jembamba lisilozidi sentimita mbili na nusu, kidogo kidogo, na uiwashe kwa njia ya karatasi au kuni nyembamba zitakazokupa muda wa kuondoka kabla moto haujaifikia. Usisimame juu yake na kiberiti.

Yako mpya iache katika kopo lililotoka nalo kiwandani, mahali pakavu na penye ubaridi, na ukimaliza kujaza irudishe yote humo. Usiiache ndani ya kipimio hadi kesho, kwa sababu kesho hutakuwa na uhakika kama ni ya .38 au ya .308.